Viatu vya Barafu kwa Miguu ya Bata

Jumanne ya kwanza ya Oktoba, kama kila mwaka, wanaume wa timu ya wakongwe ya hoki ya barafuni ya Pellier Falls walikaa kwenye mabenchi ya chumba cha kubadilishia nguo, wakavua soksi, wakaanza kukata utando wa miguu yao. Mkasi ulikuwa mmoja, ule wa kukatia kuku, na ulipita mkono kwa mkono kuanzia mlangoni hadi kwenye mabafu. Mtu alikunja goti, akatanua vidole, akakata ngozi ya katikati mpaka karibu na nyama, kisha akatupa vipande kwenye ndoo. Ngozi yenyewe ilikuwa ya kijivu, laini kwa juu na yenye utelezi kwa chini, na ilinuka kabichi iliyochemshwa juzi. Aliyemaliza alijipaka spiriti, akavuta hewa kwa meno, akampa jirani yake mkasi. Huku wakikata walizungumza habari za mawindo, na nani amepata kibali cha kupiga kulungu mwaka huu na nani amenyimwa.

Fernand Brisebois, ambaye kazi yake hapo kwenye ukumbi wa barafu ni kunoa visu vya viatu na kuendesha mashine ya kulainisha barafu, aliingia mwishoni kuchukua ndoo. Zamani alikuwa akimpa mbwa wake. Mbwa akagoma kula, kwa hiyo sasa anamwaga kwenye pipa la nyuma.

Reino Pelto alibaki na soksi zake miguuni. Mkasi ulipomfikia, akaupitisha.

"Vipi, mzee, mwaka huu umeamua kutaga?" aliuliza Gord Zalusky, kipa wao, mtu mwenye tumbo kubwa na mdomo mkubwa zaidi.

"Mwaka huu sikati."

"Sasa utachezea nini? Ndala?"

Wenzake wakacheka. Reino hakucheka, lakini hakukasirika pia. Gord alimtania kila mtu, na miguu yake mwenyewe ilikuwa mibaya kuliko ya wote. Alikuwa akivalishwa viatu na mkewe.

Sababu ya kutokata haikuwa siri. Mwaka uliopita kidonda cha mguu wa kushoto kiligoma kupona. Kilitoa maji ya manjano kuanzia Oktoba mpaka Pasaka, yakapenya soksi, yakapenya shuka, yakaingia kwenye godoro. Reino alikwenda zahanati. Daktari wa pale, anayelipwa mshahara na kiwanda cha karatasi, aliutazama mguu akiwa mlangoni, akasema ni ukungu wa vidole, akampa poda. Mtu ana miguu kama ya bata, mbele imetanuka kama sepetu na nyuma kisigino kimenywea kama cha mtoto, halafu aliyesoma miaka yote ile anampa poda. Reino aliipaka kwa sababu alikuwa ameshapewa. Wakati wa kiangazi akaona mishipa ya damu imeanza kupita ndani ya utando, myembamba, ya buluu, inapigapiga. Tangu hapo ile haikuwa tena ngozi ya kukata. Ilikuwa yeye.

Pellier Falls kila mtu alijua miguu inavyokwenda. Ilianza na watu wa hifadhi, wale wenyeji wa asili waliotengewa ardhi mto unakoelekea baada ya kiwanda, enzi ambazo Reino bado anasoma. Waliposema, waliambiwa wapunguze kula samaki. Kisha ikawa zamu ya wanaume wa shimo la rojo, mle kiwandani mbao zinamosagwa na kuchemshwa na dawa mpaka ziwe uji, ambako Reino ameshinda amesimama kwenye majimaji tangu alipoacha shule. Baadaye ikawa wake zao, ambao hawajawahi kulisogelea shimo ila wanachota maji bombani kama watu wengine. Watu wakazoea. Walitembea wakiyumba kulia na kushoto, wanawake wakanunua kandambili za kiume, wote wakaacha kwenda ufukweni kwenye miji ya watu. Mji mzima ulinuka mayai viza, na hilo pia walilizoea. Mgeni akikunja pua waliambiana kwamba hiyo ndiyo harufu ya mshahara.

Ila barafuni mambo yalikuwa tofauti. Mtu aliyeyumba barabarani kama bata, akivaa viatu vya barafu aliteleza sawasawa na mtu yeyote. Reino alikuwa beki wa kushoto. Hakuwa na mbio wala hakuwahi kuwa nazo, lakini alikuwa anajua kugeuka, na akigeuka chuma kilikwaruza barafu kwa sauti aliyoipenda kuliko muziki.

Zaidi ya hayo kulikuwa na Odette. Odette ni mtoto wa binti yake, Denise, anayefanya kazi ofisi ya mishahara pale kiwandani. Mume wa Denise yuko magharibi kwenye visima vya mafuta na hurudi anapojisikia. Mtoto alikuwa na miaka sita na Reino alimwahidi kwamba msimu huu atamfundisha kuteleza. Si Denise, si mwalimu wa ukumbini. Yeye. Kila Jumamosi, kama walivyofanya wazee wake waliotoka Ufini, Reino aliwasha mawe kwenye kibanda cha mvuke nyuma ya nyumba. Denise alimwogesha mtoto humo, na alipotoka amefungwa taulo, babu yake alimkalisha jikoni, akampa mkate wa iliki, na wakati anatafuna akamtanua vidole vya miguu kimoja kimoja na kutazama katikati kwa tochi. Mpaka Oktoba ile hapakuwa na kitu. Ngozi safi, ya waridi, na uzi wa soksi hapa na pale. Odette alidhani ni mchezo.

Viatu vya zamani vya Reino vilikufa Machi. Alivinunua wakati miguu yake bado ni miguu, na kila mwaka Fernand alivipasua kidogo zaidi pembeni, akaweka kiraka cha ngozi, akashona. Mwishowe vilikuwa viraka vitupu. Katika mechi ya kufunga msimu soli ya kulia ilichanika na kisu cha chuma kikang'oka na ribiti zake, kikateleza peke yake mpaka golini. Gord alikidaka. Aina ile ya kiatu haitengenezwi tena.

Kwa hiyo, Jumamosi iliyofuata ule mkasi, Reino aliendesha gari mpaka mji wa Thunder Bay, kwenye duka kubwa la vifaa vya hoki. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia shingoni, jina lake Sherry. Siku hizi hawapimi kwa rula. Kuna mashine yenye kioo. Unasimama juu yake, inapiga picha mguu wako pande zote, kisha inataja kiatu. Reino alivua soksi, akapanda.

"Tafadhali weka mguu," mashine ilisema.

"Weka mguu hapo, baba," Sherry akasema.

"Nimeweka."

Sherry akashusha macho. Akafuta kioo kwa kitambaa, maana mguu wa Reino ulikuwa umeacha majimaji, akawasha upya. Mashine ikaomba mguu tena kwa sauti ileile ya adabu.

"Haiuoni," Sherry alisema. "Unatoka Pellier Falls?"

"Ndiyo."

"Wa kwenu wote haiwaoni. Usijisikie vibaya."

Akamletea kiatu kipana kuliko vyote vilivyokuwepo dukani. Viatu vya kisasa huokwa kwenye oveni ndogo kama mikate. Vikishalainika unavivaa vya moto, unakaza kamba, unakaa bila kusimama mpaka vipoe, navyo vinashika umbo la mguu. Reino alijua hayo. Akavaa, akakaza, akakaa. Mwanzoni utando ulijikunja tu, kama karatasi iliyolowa. Kisha ukaanza kupigapiga. Jasho likamtoka hadi kwenye kope. Kiatu kilipopoa na kuvuliwa, kilikuwa kimeshika umbo la mguu wa mtu mwingine, ambaye Reino hamjui, na ndani yake mlikuwa na kijiko kizima cha maji ya manjano. Sherry alikibeba kwa vidole viwili mpaka kwenye pipa la taka, kisha akaenda kunawa. Hakumtoza kitu.

"Wenzako huwa wanakata," alisema aliporudi.

"Najua wenzangu wanafanya nini."

Akampa namba ya simu ya kiwanda kimoja kidogo cha mashariki kinachotengeneza viatu vya kupimwa.

Bwana wa kule mashariki alikuwa mcheshi. Alisema wamemshonea mtu aliyebaki na nusu mguu, na mwingine ambaye kifundo chake kilikuwa na uvimbe kama kitunguu, kwa hiyo yeye hatishwi na mguu wa mtu. Atume umbo la plasta tu. Reino na Fernand walikoroga plasta kwenye beseni, Reino akakanyaga, wakatuma. Baada ya muda yule bwana akapiga simu. Sauti yake haikuwa tena ya mcheshi, ingawa hakushangaa. Alisema wameliweka lile umbo mezani, mafundi wamelizunguka, na kazi inawezekana. Tatizo ni moja. Kiatu cha kupimwa kinatengenezwa kwa idhini ya daktari. Daktari aseme tu kwamba huu ni mguu wa Reino Pelto na kwamba ndivyo ulivyo.

Reino akarudi zahanati. Safari hii daktari alimkaribisha kiti.

"Ningekusaidia, Reino," alisema. "Lakini hapa kwangu wewe una mguu wa kawaida wenye ukungu. Nikisema vingine kwa ajili yako, kesho nina foleni mpaka barabarani."

Alisema kwa upole, tena kwa huruma, na hilo ndilo lililomtia Reino kinyaa zaidi. Akatazama chini ya meza. Daktari alivaa viatu vya ngozi ya kahawia, vyembamba, vyenye ncha, vilivyong'arishwa. Hakai mjini. Anakaa juu kule kwenye ziwa, kabla mto haujafika kiwandani, na maji ya kunywa anakuja nayo kwenye chupa. Alimpa Reino poda nyingine. Reino aliiacha juu ya kiti cha mapokezi, akatoka akiyumba.

Ziwa dogo la nyuma ya kanisa likaganda. Watoto wakaanza kuteleza. Kila jioni Odette aliuliza, na kila jioni babu yake akamwambia bado kidogo. Mtoto hakulia, alianza kuteleza kwa buti za theluji, mikono ameitanua, peke yake kwenye barabara ya kuingilia gereji. Reino alimtazama kupitia dirisha la jikoni mpaka kahawa ikapoa.

Jibu alilipata kazini, wakati wa chakula. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya shimo, amevua buti la kiwanda akamwaga maji, akalivaa tena. Mguu ukaingia kama mkono unavyoingia mfukoni. Akautoa. Akauingiza tena. Buti za kiwanda hutolewa bure kila vuli, nyeusi, zenye chuma mbele na nembo ya mti ubavuni. Unataja namba yako ya kazi dirishani, unapewa. Reino alikuwa amezivaa miaka yote ile bila lengelenge hata moja, na hakuwahi kujiuliza, kwa sababu hakuna anayejiuliza juu ya kiatu kisichomuuma.

Jioni akazipeleka kwa Fernand.

"Hili ni buti la kazi, Pelto," Fernand alisema.

"Naona."

"Lina chuma mbele."

"Kisahani cha hoki kikinigonga nitaonja faida yake."

Fernand alilipindua buti, akaligonga soli kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Kisha akachukua vile visu vya viatu vya zamani, akatoboa, akapiga ribiti, akanoa. Kazi ilipoisha, zilikuwa nzito kama sufuria mbili zenye wali. Reino akazivaa, akaingia barafuni ukumbi ukiwa mtupu, akasukuma. Akaanguka. Akasukuma tena. Akafika upande wa pili, akageuka, na chuma kikakwaruza. Hakuna kilichomuuma. Alizunguka mpaka Fernand akazima taa za upande mmoja kumwashiria kwamba inatosha.

Gord alizicheka kwa muda wa mechi moja. Mechi iliyofuata alikuja na zake ndani ya mfuko wa rambo, akamwomba Fernand bila kumwangalia Reino usoni. Krismasi ilipofika, chumba kizima kilikuwa kinavaa buti za kiwanda zenye visu, na mkasi wa kuku ulikuwa umerudi jikoni kwa mke wa Gord. Timu ya mji wa jirani ilipokuja kucheza iliwaita bata, mabata mzinga, mabata ya chuma. Wageni hao wakafungwa mabao manne. Mtu wa gazeti la wilaya alipiga picha: wazee wa Pellier Falls wamepanga mstari, mikono mabegani, na mti wa kiwanda ukionekana vizuri kwenye ubavu wa kila mguu.

Reino alishapanga Jumapili ya kumpeleka Odette. Alisubiri tu azizoee zile sufuria asije akamwangukia mtoto. Jumanne kabla ya Jumapili hiyo, mama mmoja aliingia chumba cha kubadilishia nguo na kahawa na boksi la donati. Alikuwa Kendra Whitlock, wa ofisi ya kiwanda inayoshughulika na jamii. Wanaume walikuwa miguu wazi. Hakugeuza uso. Aliitazama miguu ile, mmoja baada ya mwingine, kwa utulivu, kama mtu anayetazama picha za familia yake, kisha akapitisha donati.

Alisema kiwanda kimeiona picha gazetini. Kimefurahi, lakini pia kimeingiwa na wasiwasi, maana buti ni mali ya kazi, na mtu akiumia nazo mchezoni maswali yatakuwa mengi. Kwa hiyo anazikusanya leo. Ila wasihuzunike. Kiwanda kitawatengenezea viatu vya barafu, vipya, vya kweli, vya bure, na mwezi ujao watavigawa siku ya familia. Wanaume wakaendelea kutafuna. Gord akauliza kama kutakuwa na donati na siku hiyo, na Kendra akacheka vizuri, meno yote.

"Mtatupima lini?" Reino akauliza.

"Hakuna haja, Bwana Pelto," Kendra alisema. "Vipimo tunavyo."

"Tangu lini?"

"Kiwanda kinachukulia usalama wenu kwa uzito mkubwa."

"Nimeuliza tangu lini."

Akamtazama kwa wema, akamsogezea boksi. Imebaki ya chokoleti, alisema. Wengine waliitazama donati ile, wakamtazama Reino, na mtu wa pembeni akamwambia kama haitaki aseme. Reino akaziokota buti zake, akazipanga juu ya rundo. Alirudi nyumbani na soksi ndani ya buti za theluji ambazo hazikumtosha, na Jumapili akamwambia Odette bado kidogo.

Siku ya familia ukumbi ulijaa. Kulikuwa na supu ya njegere kwenye mapipa, soseji, bendera za kiwanda, na muziki wa akordioni. Viatu vilikuwa vimepangwa kwenye meza ndefu ndani ya maboksi meupe, kila boksi na jina la mtu. Reino akapata lake, akakaa benchi moja na Gord, akafungua. Vilikuwa viatu vizuri, na hilo hakuweza kulikana. Ngozi nyeusi, mshono maradufu, kisu kilichonolewa tayari, na ule mti umepigwa chapa kwenye kisigino kwa rangi ya fedha. Mbele vilikuwa vipana kama sepetu na nyuma vyembamba kama vya mtoto.

Akaingiza mguu wa kulia. Ukazama mpaka mwisho. Ndani kulikuwa na bitana laini iliyogawanywa kwa mikunjo, na kila mkunjo ukapokea sehemu yake ya utando bila kuubana. Akaingiza wa kushoto. Wiki ya Krismasi, kwenye kidole kidogo cha mguu huo, kulikuwa kumemtoka ukucha mwingine wa pembeni, mweusi, uliopinda. Hakumwambia mtu. Hakumwonyesha Denise wala daktari. Sasa ukucha ule ukateleza ukaingia kwenye kijifuko chake, kilichoshonwa kwa ajili yake, na kujilaza humo.

Mate yalimjaa Reino mdomoni. Akayatemea kwenye kikombe cha supu.

"Vinakubana?" Gord aliuliza. Alikuwa amevaa vyake mwenyewe, bila mkewe, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na macho yalikuwa yamemlowa.

"Havibani."

"Basi shukuru, mzee."

Ndipo Odette alipokuja mbio na boksi mikononi, Denise akimfuata nyuma. Kulikuwa na meza nyingine upande wa watoto. Boksi lilikuwa jeupe kama la babu yake, dogo, na jina lake lote limeandikwa vizuri. Alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. Cheupe, chenye kamba za waridi. Mbele kilikuwa kipana kama sepetu.

Reino alikitazama. Akakishika kile kingine kilichokuwa ndani ya boksi, akaingiza mkono. Mkono wake, wa mtu mzima, ulienea. Akavipapasa kwa vidole vile vijifuko vidogo, vya bitana laini, vimepangwa tayari.

Akainuka nacho, akamwendea Kendra Whitlock pale kwenye supu.

"Huyu mtoto ana miguu," alimwambia.

"Ana miguu mizuri sana," Kendra alisema, akainama kumtabasamia Odette kwa mbali. "Tumeweka nafasi ya kukulia. Kila mzazi hununua hivyo, Bwana Pelto. Wewe mwenyewe si ulivaa vya kaka yako?"

Ni kweli alivaa vya kaka yake, na karatasi za gazeti mbele. Hakuna mtoto wa Pellier Falls aliyewahi kuvaa kiatu kilichomtosha mwaka wa kwanza. Reino aliinua macho. Nyuma ya Kendra, kwenye meza ya watoto, wazazi walikuwa wamepiga magoti mstari mzima, wanafunga kamba, wanasokota soksi kuziba nafasi, wanabonyeza ncha kwa kidole gumba na kuambiana vitamfaa msimu mpaka msimu. Daktari wa zahanati alikuwa pale pia, anamsaidia mama mmoja kukaza.

Denise akamshika babaye mkono, akamvuta pembeni karibu na mashine ya kunoa.

"Virudishe," Reino alisema. "Nitamnunulia vingine. Vya watu."

"Baba." Denise alisema kwa sauti ya chini, na alikuwa anatabasamu kwa ajili ya walio nyuma yake. "Mimi nakula huko. Wewe unakula huko. Mtoto amekusubiri tangu Oktoba. Mfunge kamba."

Reino alisimama na kile kiatu. Fernand, aliyekuwa mashineni, alizima jiwe la kunolea, akapangusa mikono yake kwa muda mrefu, akaliwasha tena.

Akarudi benchini. Odette alikuwa ameketi amenyoosha mguu mbele, tayari. Reino akapiga magoti, jambo ambalo siku hizi lilimchukua muda. Akauingiza mguu wa mtoto, mwembamba ndani ya soksi yake ya sufu, akasukuma pamba kidogo mbele, isiyojaza nafasi, akakaza kamba kuanzia chini, tundu kwa tundu, akafunga fundo mara mbili juu ya kifundo. Akafanya vivyo hivyo mguu wa pili. Alifunga vizuri. Alikuwa amefunga kamba za namna hiyo maisha yake yote.

"Babu, huku mbele ni patupu," Odette alisema.

"Najua."

"Panachezacheza."

"Nishike mkono. Piga goti kidogo. Usitazame chini."

Wakaingia barafuni. Mpiga picha wa gazeti aliwaomba wageuke, wakageuka. Odette aliyumba kulia, akayumba kushoto, akakaribia kukaa, kisha akapata namna yake na kuanza kusukuma. Watu waliokuwa wameegemea ukuta wakampigia makofi. Mbele yao walikuwa watoto wengine wa mji, wadogo kwa wakubwa, wote na viatu vyeupe vipana, wakienda mduara mmoja polepole chini ya bendera. Walipomaliza mzunguko wa kwanza Odette aliomba wa pili. Walikwenda. Reino alimshika mkono wakati wote, na miguu yake haikumuuma popote.